Laptop Iliyochanjwa Mara Tatu

Mume wangu, Wabwile, ni mtu wa chanjo. Ukimwonyesha kitu kipya, kabla hajakisifu atauliza kimekingwa na nini. Watoto wetu walipozaliwa aliwafikisha kliniki kabla hata muuguzi hajafungua mlango. Lango la boma letu hapa Mabanga, Bungoma, lina kufuli tatu, zote alizileta yeye kutoka Kitale, na ndani ya lango hilo hakuna cha kuibwa ila ng'ombe, kuku, majembe na mimi.

Nasema hivi kwa mapenzi, ingawa kuna siku huwa nasema bila mapenzi.

Kazi yake ni kutibu mifugo. Si daktari wa digrii. Ni afisa wa nyanjani, yule anayevaa gambuti alfajiri akaingia zizini na sindano mkononi. Lakini kuanzia Kibomet, mtaa wa Kitale alikopanga chumba, hadi mashamba ya chini ya mlima, watu humwita Daktari, naye huitika. Kwa miaka mingi yeye alikaa Kitale, mimi nikakaa Mabanga nikilima na kulea. Mwisho wa mwezi alikuja nyumbani, akakagua kufuli, akakagua ng'ombe, akanikagua mimi, kisha akarudi kazini. Watu walituuliza mbona tusihamie mahali pamoja. Shamba halibebeki, na ng'ombe wa Kitale hawawezi kutibiwa kutoka Mabanga, kwa hiyo tuliendelea hivyo hivyo.

Mwaka 2009 chuo cha wakulima cha hapa kwetu kikatafuta mkufunzi wa mifugo. Kutoka mlangoni kwangu hadi chuoni, mtu akienda na kurudi kwa miguu, chai aliyoacha mezani haijapoa. Wabwile akaomba kazi hiyo, akaitwa. Akaambiwa aje atoe somo moja mbele ya wakulima na wakuu wa chuo, juu ya ugonjwa anaoujua vizuri, na picha zionyeshwe ukutani. Projekta ipo, laptop aje na yake.

Nilifurahi mpaka nikaogopa kufurahi. Sikumwambia mtu yeyote, hata majirani wanaojua habari zangu kabla sijazijua mwenyewe.

Derrick, kifungua mimba wetu anayefanya kazi Nakuru, aliposikia akamnunulia baba yake laptop mpya, nyeusi, ingali kwenye boksi. Baba yake alikaa nayo wiki nzima bila kuibandua ile nailoni ya juu. Kisha akaanza kuingiza picha zake. Amepiga picha za ng'ombe wagonjwa maisha yake yote, nyingine za zamani za karatasi, akazipeleka studio ya picha pale Kitale zikaingizwa kwenye mashine. Ugonjwa aliochagua kufundisha ni ndigana, ule unaoletwa na kupe.

Siku chache kabla ya somo nilifunga safari kwenda Kitale na shati lake jeupe, nililolifua na kulipiga pasi mwenyewe kwa kuwa pasi yake siiamini. Nilimkuta Kibomet ameketi mbele ya meza, mikono kaikunja kifuani, uso wa mtu aliyefiwa na jirani. Laptop ilikuwa mezani, imewashwa, nayo imefunikwa vizuri kwa kitambaa nilichokifuma kwa mkono wangu, kile cha maua ya njano cha kufunika redio. Chini ya kitambaa kulikuwa na mlio wa kitu kinachohema.

"Baba Derrick, mbona umekaa hivyo? Kuna mgonjwa?"

"Wacha kelele, Mama Derrick. Iko na homa kidogo."

"Nani?"

"Laptop."

Akaingiza mkono chini ya kitambaa, akaigusa ubavuni kwa utaratibu, vile anavyomgusa ndama chini ya sikio. Akatikisa kichwa. "Ni joto ya chanjo tu, itaisha."

Nikavuta kiti nikamwambia anieleze tangu mwanzo. Kumbe kazini walikuwa wamemtisha kwamba kompyuta siku hizi zinauawa na virusi. Rafiki yake Cheruiyot, wa ofisini kwao, akampa kinga kwenye flashi. Alipokwenda studio, mwenye studio akamwambia hiyo ya Cheruiyot ni ya wapole, akampa yake iliyo kali zaidi. Na laptop yenyewe ilikuwa imetoka dukani na kinga yake ndani. Mtu mwingine angechagua. Mume wangu aliziweka zote.

"Zote tatu?" nikauliza.

"Ng'ombe ukimpa chanjo ya miguu na midomo, umemkinga na kimeta?"

"Hapana."

"Basi!"

Nimefuga ng'ombe tangu utotoni. Kila ugonjwa una chanjo yake, na mtu anayechanja mmoja akaacha mwingine ni mzembe. Niliona ameongea la maana. Tena akanikumbusha kwamba mnyama akishachanjwa huzubaa, hupata joto, hula kidogo, na hapo humfanyishi kazi, unamweka kivulini apumzike. Ndiyo maana akaifunika na kitambaa changu. Alikuwa ameipumzisha siku kadhaa kivulini, na kila alipoiwasha aliikuta imezidi kuzubaa.

"Hebu nionyeshe hizo picha," nikamwambia.

Akabonyeza picha ya kwanza, picha ya kupe aliyeshiba. Kimshale kikageuka kiduara, kikaanza kuzunguka. Nikainuka nikachukua sukuma wiki niliyokuja nayo, nikaichambua, nikaiosha, nikaikatakata, nikabandika sufuria. Niliporudi, kupe alikuwa ametokea nusu, miguu ya mbele tu. Wabwile alikuwa bado amekishika kipanya kana kwamba akikiachilia kitakimbia.

Baada ya kula alijaribu kulifanya somo lenyewe, akisimama mbele yangu na shati jeupe. Hapo ndipo nilipouona ubaya wa mambo. Lazima mjue kuwa mume wangu zizini ni msemaji. Mpe ng'ombe wa kushika, atawaeleza mpaka mchoke. Mwondolee ng'ombe, msimamishe mbele ya watu mikono mitupu, ulimi unamkauka. Hizo picha zilikuwa ndizo ng'ombe wake. Alisema sentensi mbili, akabonyeza, kiduara kikazunguka, naye akasimama akikitazama kinavyozunguka. Nikasubiri. Sentensi ya tatu haikuja. Akajaribu tena mwanzo, ikawa vile vile, na mara ya mwisho mashine ikaganda kabisa.

Akavua shati, akalikunja polepole.

"Nitawaambia wapatie mtu mwingine hiyo kazi," akasema. "Hata hivyo si tumezoea hivi tunakaa?"

Nilikasirika. Sikukasirika kwa kelele, mimi hasira yangu hukaa chini. Nikamwambia, "Wewe ndiye umezoea, Baba Derrick. Mimi sijawahi kuzoea. Sikusema tu."

Asubuhi nilipoamka alikuwa tayari ameirudisha laptop kwenye boksi lake, na boksi amelifunga kamba.

Tuliipeleka kwa Linet Chepkemei, mama mmoja kijana anayefundisha kompyuta kwenye chumba cha ghorofani karibu na soko la Kitale. Ng'ombe wa mama yake wametibiwa na Wabwile miaka yote. Derrick angeweza kupigiwa simu pia, lakini kila alipouliza hali ya laptop baba yake alimjibu kwamba inakimbia vizuri sana, na sasa ilikuwa vigumu kuisimamisha.

"Karibu, Daktari. Karibu, mama. Leo mgonjwa ni nani?"

Wabwile akafungua kamba, akaiweka laptop mezani, akaiwasha, na kwa mazoea akaifunika na kitambaa. Linet akauliza ilianza lini kuwa polepole, ilikuwa inakula nini, ni nini kilichobadilika kabla ya hapo. Nilimwona mume wangu anaketi vizuri. Hakuna kitu anachokipenda kama mtu anayeuliza historia ya mgonjwa kabla ya kumgusa. Akamweleza kila kitu, ila neno chanjo hakulitaja. Alisema tu kwamba ameiwekea ulinzi.

Linet akainua kitambaa kwa vidole viwili. "Mama, hii kitambaa ni mzuri sana. Umeshona wewe?"

"Ndiyo."

"Ni mzuri. Lakini imeziba pua yake." Akatuonyesha matundu ya ubavuni ambapo hewa moto ilikuwa ikitoka. "Inapumulia hapa. Ukiifunika, inajipika."

Nikakichukua kitambaa changu nikakitia mkobani. Nilikuwa nimekuja kuona makosa ya mtu mwingine.

"Lakini kitambaa siyo shida kubwa," Linet akasema. Akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, kikatokea kidirisha chenye mstari wa kijani. Mstari ulikuwa umelala juu kabisa, umegonga dari, hauteremki. "Mnaona hii? Hii ni prosesa, ndiyo inafanya kazi yote huku ndani. Iko asilimia mia. Na sisi hatujafungua kitu."

"Plosesa," mume wangu akarudia kwa heshima. Sisi wa Bungoma r na l zetu hupenda kubadilishana viti.

Linet akafungua ukurasa mwingine, akazipanga kazi za mashine kuanzia inayokula nguvu nyingi. Juu kabisa kulikuwa na majina matatu yasiyosomeka. Akayatazama, kisha akamtazama Wabwile.

"Daktari, hizi ni nini?"

"Ni chanjo," mume wangu akasema.

Linet aligeuka kidogo akatazama dirishani kama mtu aliyesikia gari lake likiitwa. Aliporudi, uso ulikuwa umetulia. Nilimshukuru kimoyomoyo.

"Daktari, hizi si chanjo. Chanjo ukishadunga, si inaingia inanyamaza? Hizi hazinyamazi. Ukifungua picha, hii ya kwanza inaisimamisha, inaikagua. Hii ya pili inaona kuna mtu ameshika picha, inashuku, na yenyewe inakagua. Ya tatu inakagua hao wawili. Sasa ya kwanza inaona picha imeguswaguswa, inaanza tena. Ni hivyo tu, asubuhi mpaka jioni. Laptop yako ni mzima. Inachoshwa na walinzi."

Midomo ya Wabwile ilikuwa ikitembea kidogo, vile huwa anapopima dawa.

"Kumbe ni dipu," akasema.

"Dipu gani?"

"Dipu ya kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Nimechimba dipu tatu kati ya zizi na nyasi. Ng'ombe anatoka hii, anasukumwa kwa ingine, anatoka hapo analowa tena. Jioni inafika hajakula."

Linet akapiga meza. "Ndio hivyo, Daktari! Hata mimi nitafundisha hivyo."

Nilidhani tumemaliza. Linet akamwambia achague moja ibaki, zile mbili azitoe. Hapo mume wangu akaweka mkono juu ya laptop.

"Na kama hiyo nimetoa ndiyo ingeizuia?"

"Moja inatosha."

"Moja haitoshi," akasema, na sauti yake haikuwa tena ya mtu anayezungumza juu ya kompyuta. Linet hakuelewa. Mimi nilielewa.

Tulipooana, mama yangu alitupatia mtamba. Tulimwita Nekesa. Alikuwa mwekundu, mpole, mwenye tabia ya kusimama mlangoni asubuhi akingoja asalimiwe. Wabwile alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi, akamchanja mwenyewe dhidi ya miguu na midomo, akazunguka kijijini akiwaambia watu kwamba ng'ombe wake hawezi kuguswa. Nekesa akapatwa na ndigana. Tezi zikamvimba chini ya masikio, povu likamtoka puani, na mume wangu akakaa naye zizini mpaka alipokata roho. Hakulia mbele yangu. Muda mfupi baadaye akakubali kupelekwa Kitale, na kuanzia hapo akawa mtu wa kinga mbili, tatu, na kufuli juu ya kufuli. Jina la ng'ombe yule halikutajwa tena nyumbani kwetu. Mimi nililitaja pale, ghorofani, mbele ya mtoto wa watu.

"Baba Derrick, Nekesa hakufa kwa sababu ulimpa chanjo moja."

Akanitazama kwa haraka.

"Dipu ya kijiji haikuwa na dawa," nikaendelea. "Unakumbuka? Walikuwa wanapitisha ng'ombe kwa maji matupu. Ungemchanja mara kumi, kupe wangekuja tu. Dipu moja yenye dawa ingetosha."

Alijua hayo. Amewafundisha wakulima wengine hayo hayo miaka yote. Ila hakuna mtu aliyewahi kumwambia yeye. Akaondoa mkono juu ya laptop, akajipangusa macho kwa mgongo wa kiganja, akasingizia vumbi la soko.

"Linet," akasema, "hebu angalia ni gani iko na dawa."

Linet akaangalia. Kinga iliyotoka dukani ilikuwa imekwisha muda wake. Ilikuwa ikikagua kila kitu na haijui inatafuta nini. Ya studio haikuwahi kuongezewa chochote tangu ilipowekwa. Zote mbili zilikuwa maji matupu. Ya Cheruiyot, ile ya wapole, ndiyo ilikuwa na dawa mpya, na Wabwile alifurahi sana, maana alikuwa anawaza atamwambiaje Cheruiyot. Linet akaitoa moja, akaizima mashine na kuiwasha upya, akaitoa ya pili. Ile ya dukani ilikuwa sugu, ikauliza mara kwa mara kama tuna uhakika. Wabwile akawa anaijibu kwa sauti: "Tuko na uhakika, bana!"

Ilipowaka mara ya mwisho, ule mlio wa kuhema haukusikika. Mstari wa kijani uliruka kidogo kisha ukateremka, ukalala chini kabisa. Wabwile akabonyeza picha ya kupe. Kupe akatokea mzima, mkubwa, kwa ghafla hivi kwamba mume wangu akarudi nyuma na kiti. Akabonyeza ya pili, ya tatu, ya nne. Alizipitia zote, kisha akaanza tena mwanzo, na nilimwacha azipitie.

Siku ya somo nilikaa nyuma kabisa pamoja na kina mama wa Mabanga. Hakuna aliyenialika, lakini somo lilikuwa la wakulima na mimi ni mkulima. Alivaa lile shati. Laptop ilikuwa juu ya meza tupu, bila kitambaa, na kabla ya kuanza niliona akiitazama pua yake kuhakikisha haijazibwa.

Alianza vizuri. Picha zilikuja kila alipoziita, na kila picha ilimtolea maneno. Akafika kwenye picha moja ya zamani, ya ng'ombe mwekundu amelala zizini, tezi zimevimba. Sikujua kwamba aliipiga picha hiyo. Sikujua kwamba amekaa nayo miaka yote.

"Huyu alikuwa wangu," akawaambia watu. "Jina lake Nekesa. Nilipewa na mama mkwe wangu, na nilimpoteza kwa kupe."

Akaeleza kila kitu, chanjo, majivuno, dipu ya maji matupu, bila kujificha. Mimi nililia, na mama aliyekaa kando yangu akanipa leso akidhani nina ng'ombe mgonjwa nyumbani. Alipomaliza, mzee mmoja aitwaye Mukhwana akainua mkono.

"Sasa Daktari, si tuoshe hawa ng'ombe mara tatu kwa wiki, tujue tumemaliza?"

Wabwile akacheka. Akatafuta kwa macho mpaka nyuma nilipokuwa. "Mara moja, mzee wangu," akasema. "Mara moja, na dawa iwe ya kutosha."

Walimpa kazi. Alikuja nyumbani Jumamosi moja akiwa na sanduku lake, gambuti, na laptop aliyoipakata mwenyewe njia nzima. Nilikuwa nimepika kuku, na chai ilikuwa jikoni. Jua lilipoanza kuteremka akatoka kwenda kufunga lango, kama alivyofanya kila alipokuja, nami nikasimama mlangoni kumtazama. Nikasikia kufuli moja ikibana. Nikangoja nyingine. Akarudi anatembea taratibu, zile mbili zimening'inia mkononi, akaziweka kwenye droo ya kabati.

"Na hizo je?" nikamuuliza. "Leo hakuna wezi?"

"Hizo zilikuwa za kukaa hapa kwa niaba yangu nikiwa Kitale," akasema. Kisha akavuta kiti akaketi. "Chai iko wapi, Mama Derrick?"